"Si mko nyumbani tu": barua za wazazi wanaosomesha mabinti nyumbani

Mwezi uliopita niliandika aya mbili tu hapa kuhusu familia za mashambani zinazowatoa watoto shule na kuwafundisha nyumbani, nikasema sioni ubaya mradi mtoto asome kweli. Eh! Barua zikamiminika. Kuna walionitukana, hao nimewasoma na nimewasamehe, na kuna waliouliza mambo ya maana, na karibu wote hao wana mabinti, sijui ni bahati tu ama wenye wavulana hawana muda wa kuandika. Nimechagua tatu. Nimezifupisha na majina nimeyatoa.

SWALI: Mwalimu, hujambo. Mimi niko Trans Nzoia, huku ndani mbali na Kitale, nina mabinti watatu wa miaka 12, 9 na 6. Nilisomea ualimu wa chekechea kwa hivyo kufundisha sio shida. Tuliwatoa shule kwa sababu ya mto, mvua ikinyesha wanavukia kwa gogo, na siku wakivuka salama wanarudishwa nyumbani kwa pesa ya hiki na kile. Mume wangu ni dereva wa lori, anakuja mwisho wa mwezi, na tulikubaliana naye vizuri. Shida ni kwamba tunaishi boma moja na mama mkwe, na shemeji na mke wake. Tangu watoto wakae nyumbani hakuna siku inaenda vile nimepanga. Asubuhi mkubwa anakamua, anapeleka maziwa barabarani, akirudi anaosha vyombo, mimi nikiwa na wadogo namwambia aangalie maharagwe jikoni, mara nyanyake anamwita amchotee maji, mara mke wa shemeji anamwachia mtoto mgongoni aende soko, mgeni akija ni yeye wa chai, jua likiwaka namtuma akaanike mahindi, mchana ni posho mill. Nikiongea naambiwa "si mko nyumbani tu". Vijana wa shemeji wako shule, wakirudi jioni ni mpira, na uniform zao wanaofua ni mabinti wangu. Mkubwa ako kwa fraksheni tangu Madaraka na hajamaliza. Nifanye nini bila kukosana na boma? – Mama Wasichana

JIBU: Dadangu Mama Wasichana, barua yako niliisoma nikiwa na kalamu mkononi, kila kazi nikaandika pembeni jina la aliyemtuma mtoto. Nyanyake kazi moja, mke wa shemeji kazi moja, mgeni hana makosa, amekuja kunywa chai. Vyombo, maharagwe, mahindi, posho mill, hizo zote ni zako. Nakuambia hivi mapema manake ulikuwa unangoja nimseme mama mkwe, na nitamfikia, lakini tuanze kwako.

Mimi nimefundisha shule za msingi miaka mingi na naweza kukuambia kitu kimoja ambacho walimu hatupendi kukisema. Kwa msichana wa mashambani kitu kikubwa shule inampa si mwalimu. Walimu wengine tunawajua. Kitu kikubwa ni geti. Akishaingia lile geti hakuna mtu anaweza kumwita, si wa maji, si wa mtoto, si wa chai, kuanzia asubuhi mpaka jioni yeye ni wa kusoma tu hata kama siku hiyo hasomi chochote cha maana. Wewe umemtoa mtoto kwa geti ukampeleka mahali hakuna hata ua, kisha unashangaa fraksheni haziishi. Kijana akikaa nyumbani watu wanamuuliza "leo huendi shule?" Msichana akikaa nyumbani hakuna anayeuliza, wanampa sufuria.

Na hili tulishaliona nchi nzima. 2020 shule zilipofungwa kwa korona mwezi wa tatu, wachache wakarudi Oktoba na waliobaki Januari 2021, KICD, wale wa kutunga mitaala, walikuwa wanapeleka masomo kwa redio na TV, masomo mengine yalikuwa mazuri sana, lakini kwa maboma mengi redio ilikuwa inafundisha ukuta, kijana yuko na ng'ombe na msichana yuko mtoni. Watoto walikuwa na akili na masomo yalikuwepo, kilichokosekana ni saa ambazo ni zao.

Kwa hivyo kazi yako ya kwanza si kutafuta vitabu zaidi, ni kujenga hilo geti. Chagua saa. Ng'ombe hawezi kungoja, hilo najua, kwa hivyo kukamua kubaki pale pale asubuhi, na maziwa yaende barabarani, lakini saa mbili na nusu ikifika wako darasani mpaka saa sita na nusu, katikati uji. Hizo saa zinatosha kabisa, usiogope. Hata shuleni kipindi kimoja ni dakika 30 kwa Gredi ya 1 hadi ya 3 na dakika 35 kwa Gredi ya 4 hadi ya 6, na hapo mwalimu ana watoto hamsini, nusu ya kipindi imeisha akitafuta nani amechukua rula ya nani. Wewe una watatu.

Halafu, usicheke, wavalishe uniform. Zile za zamani ziko, zikibana tafuta sketi moja na sweta moja za rangi moja, si lazima ziwe za shule yoyote. Nimeona familia zinafanya hivyo na mimi mwenyewe mwanzoni niliona ni mchezo wa kuigiza, lakini jaribu kumtuma mtoto aliyevaa uniform akasage mahindi saa nne asubuhi, mdomo wenyewe unakataa. Na wakitoka saa sita na nusu wanavua, kila mtu bomani anaona shule imefungwa. Mahali pa kusomea pia pasiwe jikoni wala pasitazame njia ya kuingilia nyumbani. Kama una stoo, weka meza hapo, dirisha liangalie shamba. Mtoto asiyeonekana hatumwi ovyo.

Maharagwe weka wewe usiku, ama yapike jioni ya siku iliyotangulia. Mahindi yaanikwe kabla ya saa mbili na nusu, na kama mvua itanyesha katikati ya kipindi basi nyote wanne mtoke mbio muanue pamoja kisha mrudi, hiyo ni dharura, hata shuleni watoto hutoka wakaokota viti vya mkutano. Posho mill iwe alasiri, na zamu iwe ya watoto wote wa boma, na nikisema wote namaanisha hata hao wa mpira.

Sasa mama mkwe. Usimwendee wewe. Ukimwendea wewe utakuwa mke wa mtoto wake aliyekuja kumnyima wajukuu, na hata ukiongea kwa adabu gani itahesabika hivyo. Mwenye kuongea ni mumeo, yeye ni mtoto wake, na aongee akiwa amekuja mwisho wa mwezi, jioni, chai ikiwa imenywewa, na kaka yake akiwepo asikie. Maneno yasiwe mengi. "Mama, hawa watoto wangu wako shule mpaka saa sita na nusu. Wakitoka hapo ni wajukuu wako, watume unavyotaka." Basi. Asianze kueleza mambo ya mitaala. Mwanamke wa umri wake ataelewa neno "wako shule" haraka kuliko wewe unavyofikiri, shida ni kwamba mpaka leo hakuna aliyemwambia, yeye anaona wasichana wamekaa na mama yao anaongea nao.

Na umpe kitu. Wapange kwake alasiri moja kila wiki, wakae naye kabisa. Mimi nina hakika kuna mambo anayajua ambayo wewe na mimi hatuyajui vizuri, vile anachagua gunzi la mbegu, vile anajua saga na mrenda za kupikwa leo na za kuachwa, vitendawili, majina ya miti kwa lugha yenu. Kilimo ni somo, na lugha ya mama iko kwenye mtaala wa wadogo. Mkubwa aende na daftari, aandike anachosema nyanyake, jioni akusomee. Mama mkwe akishajua yeye ni mwalimu wa siku fulani atawafukuza wengine yeye mwenyewe wasikusumbue.

Fraksheni zenu ziko kwenye maziwa. Mkubwa si anakamua? Apime. Tuseme asubuhi ng'ombe ametoa lita 7, ndama lita 1½, nyumba lita moja. Zimebaki ngapi za kuuza? Lita 4½. Mkiuza kwa shilingi 50 lita ni ngapi? 225. Sasa ndama amekula sehemu gani ya yote? 1½ juu ya 7, hapo ndio raha inaanza, mwache ahangaike mpaka agundue kwamba hiyo ni 3 juu ya 14, asiambiwe. Kesho ng'ombe atatoa lita nyingine na hesabu itakuwa mpya, huhitaji hata kununua kitabu cha mazoezi. Lakini sikia vizuri: kukamua ni kazi, kuandika na kupiga hesabu ndio somo. Kuna wazazi wananiandikia ati "mtoto wangu amejifunza sayansi leo, amepalilia". Amepalilia. Sayansi itakuja akikaa chini akaandika ni magugu gani yamerudi baada ya mvua na kwa nini. Ukianza kuhesabu kila jembe kama somo, basi watoto wote wa nchi hii wangekuwa maprofesa.

Jambo lingine usilipuuze, mkubwa asigeuke kuwa naibu mwalimu. Kumsomea mdogo hadithi dakika kumi ni sawa na inamjenga, lakini kama nusu ya asubuhi anashika mkono wa mdogo aandike herufi, ni mtoto mwingine tena umembebesha mgongoni, tofauti tu huyu anajua kuongea. Fanya hivi, huyo wa miaka 6 mwanze yeye, dakika ishirini za kusoma akiwa na nguvu, kisha mwache achore au achezee vifuniko vya soda akihesabu, wewe ukae na mkubwa.

Uniform za vijana wa shemeji. Hii imenichoma. Ikome wiki hii, usingoje mume arudi. Kijana anayeweza kukimbia uwanja mzima anaweza kufua soksi zake. Mwite mke wa shemeji faraghani, mwambie wasichana wana daftari jioni, usiseme zaidi, usilete hesabu ya nani amefanya nini kwa nani. Akinuna ataacha, na mtoto wake wa mgongoni mshikie wewe alasiri moja akaenda soko, ili ajue hamjamtenga.

SWALI: Mwalimu, sisi tulihama Nairobi tukaja Kinangop kulima viazi. Tuna mabinti wawili, mmoja kiwango cha Gredi ya 3 na mwingine Gredi ya 5, tunawafundisha kwa vitabu vya KICD na kwa intaneti, sola ikikubali. Wanasoma vizuri kuliko walivyokuwa Nairobi. Sasa jirani ananiambia watu wa Nyumba Kumi wamepeleka jina langu kwa chifu, ati nitashikwa. Mke wangu anasema nisijali. Je sheria inasemaje, na mitihani watafanyia wapi? – Baba Wawili

JIBU: Baba Wawili, mkeo ni mtulivu na namwonea wivu, lakini hapa jali kidogo.

Katiba ya 2010, ibara ya 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikaja ikamtaka mzazi ahakikishe mtoto ameandikishwa shule na anahudhuria, na asiyefanya hivyo anaweza kushtakiwa. Sheria hiyo haikutaja waziwazi kusomesha nyumbani kama njia inayokubaliwa. Kuna wazazi wameshakamatwa nchi hii kwa jambo hili, na kuna wengi zaidi ambao wanafundisha miaka yote na hakuna aliyewagusa. Kwa hivyo anayekuambia ni halali kabisa anakudanganya, na anayekuambia kesho uko ndani anakutisha.

Usingoje chifu aje. Nenda wewe kwake, ukiwa na cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto, madaftari yao, na ratiba iliyoandikwa vizuri. Chifu anayesikia "kuna watu wamefungia watoto wasisome" na chifu aliyeshika daftari la mtoto lenye tarehe na alama ni watu wawili tofauti. Kutoka hapo nenda ofisi ya elimu ya sub-county, uulize na uandike jina la aliyekujibu na siku. Hata kama jibu si la kufurahisha, umeonekana.

Mitihani ndio jambo wazazi wa nyumbani wanalisahau mpaka limewafikia shingoni. Kwa huu mtaala wa umilisi, CBC, siku hizi wanasema CBE, huwezi kuamka mtoto akiwa Gredi ya 6 ukatafuta mahali pa kumfanyisha KPSEA, ule mtihani wa Gredi ya 6, manake tathmini za shuleni zinaanza kurekodiwa tangu Gredi ya 4 na anayeziingiza kwa KNEC, baraza la mitihani, ni shule. Mtihani wa Gredi ya 9, KJSEA, ambao kundi la kwanza lilifanya 2025, alama zake zinagawanywa hivi: asilimia 60 mtihani wenyewe, asilimia 20 inatoka kwa KPSEA ya Gredi ya 6, na asilimia 20 ni tathmini za Gredi ya 7 na 8. Piga hesabu. Mtoto anayetokea tu siku ya mtihani ameshaacha asilimia 40 barabarani.

Kwa hivyo huyo wa Gredi ya 5 umechelewa kidogo, usilale. Tafuta shule iliyosajiliwa, ndogo ni bora, mwalimu mkuu awe mtu wa kuongea naye, umuulize waziwazi kama atakubali mtoto aandikishwe kwake na aje kwa tathmini. Wengi watakataa, wana sababu zao, atakuja mkaguzi awaulize mtoto yuko wapi. Endelea kuuliza. Huyo wa Gredi ya 3 una nafasi ya kupanga vizuri kabla hajaingia ya 4.

Njia ya pili ni kuacha mtaala wa hapa, mkafuata Cambridge ya Uingereza, na wengi wa kusomesha nyumbani ndio njia yao. Mtihani wao wa IGCSE unakubali mtahiniwa wa binafsi, mnaweza kujiandikisha kupitia British Council, kuna msimu wa Mei na Juni na mwingine wa Oktoba na Novemba. Ila ada ni kwa kila somo, si ya mtihani mzima, na kutoka Kinangop mtasafiri na kulala, kwa hivyo anza kuweka pesa ya viazi pembeni sasa hivi, bei ya viazi mnaijua nyinyi wenyewe inavyopanda na kushuka. Na mkichagua njia hiyo muichague mapema, kumhamisha mtoto mitaala miwili katikati ni kumchosha bure.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni msichana wa miaka 13, tunaishi juu ya Wundanyi. Mama ananifundisha mimi na mdogo wangu. Ninajua kusoma na hesabu vizuri na wazazi wangu ni wazuri, lakini siku nyingine naongea na mama na mdogo wangu tu mpaka Jumapili. Nataka rafiki. Pia nataka kuona mikroskopu, nimeiona tu kwa picha. Nikiwaambia nataka kurudi shule wataona kama sina shukrani? Nisaidie. – Msomaji

JIBU: Marahaba mwanangu. Umeandika vizuri, hakuna kosa hata moja kwenye barua yako, kwa hivyo mamako anajua kazi yake na utamwambia nimesema hivyo.

Kutaka rafiki si ukosefu wa shukrani. Una miaka 13, huo ndio umri wake. Na nadhani mamako ameshaona, mama huona, labda anangoja wewe uanze ama anaogopa ukianza.

Usimwambie wakati wa masomo wala mkiwa mmekasirikiana kwa jambo lingine. Mwambie mkifanya kazi ya mikono pamoja, mkichambua mboga au mkikoboa mahindi, hapo watu wazima husikia vizuri kwa sababu hawalazimiki kukuangalia machoni. Usianze na "nataka kurudi shule", hiyo itamfanya ajitetee. Anza na mikroskopu. Ni kitu cha kweli, hana, na hawezi kuibadilisha na chochote kilichoko jikoni. Kisha rafiki. Kisha umuulize, "Mama, unaonaje?" na unyamaze, usiongeze neno mpaka ajibu.

Wakati huo mnaongea, kuna mambo yasiyohitaji kungoja uamuzi mkubwa. Wundanyi kuna maktaba ya umma, omba uwe unashuka siku moja kwa wiki, mdogo wako aje, na utakuta wasichana wa umri wako wanafanya homuwaki, kaa meza moja nao. Kwaya ya kanisa, ama Girl Guides kama kuna kikundi karibu nanyi. Na rafiki mmoja wa kuja nyumbani Jumamosi anatosha kuanzia, msitafute kumi.

Kama wakikubali urudi, soma jibu nililompa Baba Wawili hapo juu, hasa kuhusu tathmini za Gredi ya 7 na 8, kisha umwonyeshe babako. Kwa umri wako hizo ndizo zinazokuhusu, na kuzikosa ukiwa nje kunapunguza alama zako za KJSEA. Pia muulize mwalimu mkuu wa shule mtakayoichagua kama wana vifaa vya sayansi vya kutosha junior school, manake hizo Gredi za 7 hadi 9 ziko ndani ya shule za msingi na nyingi hazina maabara. Usije ukarudi shule kwa ajili ya mikroskopu ukaikuta kwenye picha tena. Uamuzi ufanyike kabla ya Novemba, nafasi za Januari huwahiwa, na uniform, viatu na vitabu havinunuliwi kwa siku moja.